Foleni ya Mawe

Shirika lilipotupunguza, walisema tumezidi abiria. Kaunta ya uwanja wa ndege Mwanza ilikuwa na watu watano. Akabaki Nestory peke yake, anapima mizigo, anakagua tiketi, anafunga vikaratasi kwenye mabegi, kisha anayasukuma mwenyewe mpaka kwenye ndege. Mageuzi hayo, tukaambiwa tupige makofi. Mimi Shimba nikageuka dereva wa teksi, nikawa nawaleta abiria wale wale niliokuwa nawapokea.

Foleni ilirefuka mpaka watu wakaanza kuipanga kabla ya mlango kufunguliwa, tena kwa mawe, kama bombani. Unaweka jiwe lako, unakwenda kunywa chai, ukirudi unasimama lilipo. Mawe Mwanza si ya kutafuta. Na sikuwahi kuona mtu akigusa jiwe la mwenzake.

Asubuhi ile nilimleta Sada, mshonaji wa pale Nyamagana. Baba yake alikuwa amefariki Dar usiku huo, na angezikwa baada ya swala ya alasiri. Wenzetu Waislamu hawacheleweshi kuzika, na ndege ya Dar ilikuwa hiyo moja tu kwa siku. Njia nzima alisema neno moja, kwamba anataka amwone baba yake uso kabla hajafunikwa. Akaweka jiwe karibu kabisa na mlango, akalifunga kipande cha kanga ili lijulikane, akaenda nyuma ya jengo kuswali alfajiri.

Nestory alipofungua mlango tu, akatokea Luhaga, mfanyabiashara wa minofu ya sangara, na vijana wake wamebeba maboksi ya barafu. Tumbo lake lilimtangulia, tumbo la mtu aliyezoea kupishwa. Akalipiga teke jiwe la Sada, likaangukia mtaroni, akasimama pale pale. Nikamwambia jiwe lile lina mwenyewe, na mwenyewe amefiwa.

"Jiwe halina tiketi," akasema.

Nilimkunja shati. Akanipiga kichwa puani, damu ikanijaa mdomoni, nami nikamrudishia ngumi ya jicho. Sikuona haya, na hata leo sioni. Vijana wake wakanivamia, watu wa foleni wakawavamia vijana, na kila mtu alikuwa na silaha yake hapo miguuni. Foleni nzima ikahamia mikononi. Jiwe moja likavunja kioo cha mlango, jingine likamng'oa meno mzee wa Nyakato aliyekuja kusindikiza tu. Maboksi yakapasuka, tukawa tunateleza juu ya minofu na kukanyagana matumbo.

Sada aliporudi alikuta Luhaga amenikalia kifuani, ananikaba koo. Akashuka mtaroni akaokota jiwe lake, lile lenye kanga.

Nestory naye alikuwa ameruka kaunta kuja kutuamua. Nani mwingine angekuja? Aliinama amvute Luhaga, na jiwe la Sada likampata yeye, nyuma ya sikio. Alianguka.

Watu wakaachiana, Luhaga akaniachia koo. Tulikuwa tumemwangusha mtu pekee aliyeweza kutupandisha ndege, na ndege ilikuwa imeshatua, inanguruma. Rubani hakutaka kusubiri kwenye vurugu.

Nikajikokota mpaka kaunta. Kazi ile naijua. Nikachukua tiketi ya Sada na kuanza kuandika kadi yake ya kupandia, damu inanidondoka juu yake. Askari wa uwanja, aliyefika ugomvi umeshakwisha, akanipiga rungu la kiwiko, mfupa ukalia.

"Wewe ulishapunguzwa," akasema. "Toka humo."

Nilimwamkia shikamoo, mtu mdogo kwangu kabisa, nikamweleza habari ya msiba. Akanipiga tena.

Ndege iliondoka na abiria iliotoka nao Bukoba na viti vitupu, ikakunja juu ya ziwa. Sada hakuitazama. Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya samaki na mawe, kichwa cha Nestory pajani, anamfunga jeraha kwa kile kipande cha kanga. Nestory alikuwa bado anapumua.

Adhana ya alasiri ilitukuta kwenye benchi la hospitali, Nestory amelala ndani hajazinduka. Sada aliisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ingali na damu.

"Sasa wanamfunika," akasema.