Miaka ya Mheshimiwa Ikapel

Ukiwauliza vijana wa Malaba leo juu ya Paulinus Ikapel, watakwambia ni yule mzee aliyeuza soko. Watu wa umri wa Akiteng hawajibu haraka hivyo. Wao humkumbuka kwanza alipokuwa kijana mwembamba, karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, shati jeupe kila siku na kalamu mbili mfukoni, anayesalimia kila mtu kwa jina.

Wakati huo Akiteng alikuwa mama wa watoto wadogo na aliuza maharagwe. Aliyanunua ng'ambo, upande wa Uganda, akayavusha kwa kichwa pamoja na wanawake wenzake. Jengo kubwa la vioo lililopo sasa mpakani halikuwepo. Palikuwa na kizuizi cha chuma, kibanda cha mabati, mto, na daraja jembamba ambalo malori mawili yalipishana kwa taabu. Watu wa ng'ambo walikuwa mashemeji na mashangazi. Mtu alivuka kwenda matangani asubuhi, akarudi jioni na kuku kwapani.

Halafu ikatoka amri kwamba maharagwe ya akina mama ni magendo. Magunia yao yakanyang'anywa, yakarundikwa nje, mvua ikayanyeshea. Wanawake walilia, waliomba, hawakusikilizwa. Ikapel alikuwa akiwatazama kupitia dirisha la ofisi yake. Akaweka kalamu, akatoka, akaenda kuketi katikati ya daraja na shati lake jeupe.

Akiteng ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi karibu naye. Wengine wakafuata, na watoto mgongoni. Malori yakasimama pande zote mbili, honi zikilia hadi mtu hasikii anachosema. Askari walimbeba Ikapel mikono na miguu wakamtupa ndani ya gari, lakini kabla jua halijazama magunia yalikuwa yamerudishwa. Yeye alirudi baada ya siku chache, uso umevimba, kazi hana.

"Sasa utasimama udiwani," Akiteng alimwambia.

"Mama, mimi sina hata viatu vya kupandia jukwaani."

"Tutakubeba. Magunia tunabeba, wewe utatushinda?"

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Ikapel alifunga kipaza sauti kwenye baiskeli, akazunguka vijiji vyote hadi Kocholia. Wanawake walitunga nyimbo kwa Kiteso, wakaziimba wakipalilia wimbi, wakaziimba wakitoka kanisani. Jioni wazee walikaa kuzunguka chungu cha pombe ya ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa na kubishana juu ya kijana huyo. Akiteng husema kwamba hajawahi tena kuona watu wakicheka vile wakati wa siasa. Hakuna aliyepewa chochote. Walikwenda kupiga kura kama wanaokwenda harusi ya mtoto wao.

Alishinda, na mwanzoni alikuwa diwani wao kweli. Alileta bomba la maji. Alilisumbua baraza mpaka likakubali kuwapa akina mama kiwanja kando ya barabara kuu. Yeye mwenyewe alichimba mashimo ya ua wa kayapa, miti ya miiba, kuzunguka soko hilo, akipigwa na jua pamoja nao. Mtoto akifukuzwa shule, mama alijua nyumba ya kwenda kubisha.

Mambo yalibadilika polepole, hivi kwamba hakuna anayeweza kusema yalianza lini. Alihama vyama kama mpangaji anavyohama nyumba. Mikutano ya wapinzani wake ilivunjwa na vijana waliokula nyumbani kwake. Kila barabara iliyojengwa, mkandarasi alikuwa mdogo wake. Watu walinung'unika, lakini uchaguzi ukifika walimpa tena. Walimzoea. Kaunti zilipokuja, akawa mwakilishi wadi, naye akanenepa, akawa haonekani ila ndani ya gari la vioo vyeusi.

Kisha asubuhi moja ya kiangazi trekta likaja likang'oa kayapa.

Tajiri mmoja wa malori alikuwa amepewa kiwanja, kiwe yadi ya kuegesha trela. Kwenye mkutano wa hadhara uliofuata, Akiteng alisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, lile soko ulitupa wewe. Leo umetuuza?"

"Mama Akiteng, hayo ni maendeleo. Mtatafutiwa mahali pengine."

"Nimeuliza kama umetuuza."

Ikapel aliinamisha macho. Vijana wawili wakamshika yule mama mikono, wakamtoa nje, na kitambaa chake cha kichwani kikabaki kikikanyagwa chini ya viti. Ikapel aliona yote, akaendelea na mkutano. Tangu siku hiyo Akiteng hakumsalimia. Waliuza maharagwe kando ya barabara, kwenye vumbi na moshi, wakifukuzwa huku na kule na askari wa kanjo. Uchaguzi uliofuata, Ikapel akashinda tena.

Korona ilipoingia, mpaka ulifungwa kwa kila mtu isipokuwa malori, na kila dereva alilazimika kungoja kupimwa. Foleni ilirudi nyuma, ikapita vijiji, ikaelekea Bungoma. Madereva walilala ndani ya magari siku nyingi. Watu wa mji waliwaogopa. Vibanda vilifungwa, visima vikatiwa kufuli, na mama mmoja akawamwagia maji ya moto waliokuja kuomba ya kunywa. Wazee wa mji walimwendea Ikapel atangaze kwamba dereva yeyote asishuke garini.

Ikapel alipanda juu ya gari lake na kipaza sauti.

"Hawa watu wametulisha miaka yote," alisema. "Nyumba zenu za kupangisha, hoteli zenu, vyote ni wao. Leo wanakunywa maji ya mtaro mbele yetu! Mimi sitawafungia."

Alirushiwa mawe. Kesho yake asubuhi alibisha mlangoni kwa Akiteng, peke yake, barakoa imening'inia kidevuni.

"Mama, nina mahindi. Maharagwe sina. Na sina wa kupika."

Akiteng angeweza kufunga mlango. Alisema tu, "Weka barakoa vizuri," akaingia ndani kuchukua sufuria kubwa.

Walipika githeri kando ya foleni kwa majuma mengi, wakiweka sahani chini na kurudi nyuma dereva aje achukue. Ikapel alipasua kuni, akachota maji, akaungua mkono kwa mvuke. Juu ya kiwanja hawakusema lolote. Lakini kuna wakati, akichochea moto, alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa kampeni ile ya kwanza, na Akiteng akajikuta akiitikia.

Ugonjwa ulipoingia mjini na watu wakaanza kuzikwa, walisema Ikapel ndiye aliyeuleta. Uchaguzi ulipofika alishindwa vibaya, hata kwenye kituo cha nyumbani kwake. Kilichomwangusha hakikuwa kile kiwanja. Ilikuwa ile githeri. Alihamia shambani Kocholia, na simu yake ikanyamaza.

Mwaka jana akina mama walipeleka malalamiko yao kwenye kamati iliyokuwa ikisikiliza migogoro ya ardhi, Busia. Tajiri wa malori alidai kwamba mahali pale palikuwa kichaka tu alipopewa. Alihitajika mtu wa kueleza palivyokuwa. Akiteng alipanda boda boda akaenda Kocholia.

Alimkuta Ikapel barazani akimenya njugu. Alikuwa amekonda tena, karibu kama zamani.

"Yoga," Akiteng alimsalimia.

"Yoga noi, mama. Nilidhani hujui kwangu."

Walikula njugu. Walizungumza juu ya waliokufa, juu ya baiskeli na kipaza sauti chake kilichokoroma, juu ya askari mnene aliyeteleza akaanguka alipokuwa akimbeba pale darajani. Walicheka mpaka wajukuu wakaja kuchungulia. Ndipo Akiteng alipomweleza kilichomleta.

Kicheko kikaisha. "Nikisema hivyo, nitaonekana mwizi."

"Tayari unaonekana mwizi, Paulinus. Angalau sasa uwe mwizi wa kutusaidia."

Alikuwa hajaitwa Paulinus na mtu wa nje kwa miaka mingi. Aliifuta mikono kwenye suruali.

"Niliogopa," alisema. "Waliniambia nisipotia sahihi, tikiti ya chama atapewa mwingine. Nikajiuliza, mimi bila cheo ni nani? Kazi yangu iliisha pale darajani. Sikuwa na kitu kingine."

"Ulikuwa na sisi."

Ikapel alichukua njugu nyingine, akaendelea kumenya. Akiteng hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa na hakika.

Siku ya kikao Ikapel alikuja na shati jeupe. Alieleza palivyokuwa: ua, bomba, nani alikaa upande gani. Alisema kiwanja kilikuwa cha akina mama, na kwamba yeye alikitoa akijua si chake. Vijana nyuma ya ukumbi walimzomea. "Mwizi! Mwizi!" Alingoja wanyamaze, akarudia sentensi hiyo tena ili iandikwe vizuri.

Kamati iliwarudishia wanawake sehemu ya mbele, inayotazamana na barabara. Yadi ilibaki na sehemu ya nyuma. Si vile walivyotaka, lakini mvua ya kwanza iliwakuta chini ya paa lao wenyewe.

Ikapel huja sokoni mara mojamoja. Wako wanaomgeuzia kisogo, na wako wanaomwita Mheshimiwa kwa mzaha. Akiteng humpa kiti cha plastiki. Kiangazi kilichopita kijana mmoja mgombea alipita pale na gari la muziki, akirusha fulana kwa dirisha, na akina mama wakazigombania. Ikapel alitazama hadi gari likapotea.

"Hajashuka garini hata kidogo," alisema.

"Wewe pia ulikuwa umeacha kushuka," Akiteng alimjibu, akaendelea kupepeta maharagwe.