Merikebu ya Shimo Namba Tatu

Jumanne moja ya Machi, mwaka 1935, saa nne asubuhi, Mbuke alikuwa amekaa kando ya shimo namba tatu na bakuli la ugali wa mtama, akimsubiri shemeji yake apande kula. Mgodi ulikuwa upande wa magharibi wa Geita. Shemeji huyo, Bujiku, alikuwa anafanya kazi mahali pa kaka yake Masele, mume wa Mbuke. Miaka miwili nyuma Masele na wenzake saba walishuka shimoni wasirudi. Meneja aliwaandika watoro, na ukoo wa kila mtoro ukatakiwa utoe mtu wa kumalizia mkataba.

Bujiku alipanda mbio, amelowa mpaka kifuani.

"Shemeji, maji! Tena yana chumvi!"

Wachimbaji wengine walimfuata wakicheka na kusukumana. Nyuma yao ikatokea ncha ya mlingoti, kisha tanga, kisha merikebu nzima. Mdomo wa shimo ulikuwa hatua nne; merikebu ilikuwa na upana wa hatua kumi. Ilipita. Kamba zilirushwa, watu wakazidaka na kuzifunga kwenye nguzo za ofisi.

Walishuka watawa ishirini, vichwa vimenyolewa, nguo za manjano. Mmoja wao alikuwa Masele.

"Mwangaluka, Mama Nkwabi," alimwamkia mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mwangaluka," alijibu Mbuke. Alimshika mikono, akaikagua mbele na nyuma, halafu akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kambini. Wanawake wakaja wakikimbia, wakaanza kuwatafuta waume zao katikati ya manjano yale. Wote wanane walikuwapo.

Masele alieleza huku akila ule ugali. Shimo liliwaangukia. Juu palikuwa pamezibwa na mwamba, basi wakachimba kwenda chini siku tatu, wakatokea bandarini.

"Bandari kubwa, Mama Nkwabi! Tembo wanapakia pamba!"

Merikebu ya watawa iliwapokea. Ilikuwa imetoka Bara Hindi zamani mno, ikapita Serendibu, ikapita Malaka, na katika kila bandari iliacha mtawa mmoja, vitabu vya majani ya mtende, na mche wa mti ambao mwalimu wao Budha aliketi chini yake. Miche ilikuwa bado mingi.

Mtawa mzee alipanda juu ya sanduku la baruti. Masele akatafsiri kwa Kisukuma.

"Anasema, kuna mateso."

"Hilo tunalijua," alisema mchimbaji mmoja. "Aendelee."

"Chanzo chake ni tamaa."

Watu mia tatu waligeuka wakamtazama meneja, aliyekuwa amesimama barazani. Kisha wakapiga kelele mzee arudie. Akarudia. Wakapiga makofi.

Meneja alimtuma karani wake, Stanslaus, akaandika jina la merikebu, ilikotoka na majina ya waliomo. Mbuke alimsogelea.

"Karani, sasa futa lile neno mtoro. Andika kwamba shimo liliwaangukia."

"Mama Nkwabi, mimi ninawaona," alisema Stanslaus kwa sauti ya chini. "Lakini bwana mkubwa amesema shimo halikuanguka. Na mtoro akirudi anafungwa."

"Na huyu hapa?" Mbuke alimwonyesha Masele.

"Huyu nimemwandika mtawa wa kigeni. Akibaki mgeni, hawamgusi."

Mbuke alitaka kusema zaidi, lakini maji yalikuwa yameanza kupwa. Wale saba walirudi merikebuni, na safari hii wake zao na watoto walipanda pamoja nao, wakiimba, wakiwa na kuku na vinu vyao. Kwenye bandari hii mzee alimwacha Masele, pamoja na vitabu na mche. Mbuke alichimba mwenyewe kishimo cha kuupanda.

Merikebu ilizama taratibu mpaka ncha ya mlingoti ikapotea. Saa kumi shimo lilikuwa kavu, na kengele ya zamu ikalia.

Bujiku alijifunga kamba kiunoni.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi?" aliuliza Masele.

"Kumalizia mkataba wako, kaka. Imebaki miezi saba."

Mtawa wa kigeni alikaa mdomoni mwa shimo, akakaza miguu, akamshikia kamba.