Baba Alipovuka Daraja la Miguu

Baba alikuwa ameukamata waya wa daraja kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na kila aliyetupita alilitikisa daraja zaidi. Korongo chini yetu lilikuwa na kina kirefu hivi kwamba kunguru walioruka mle tuliwaona migongo. Nilimwomba turudi. Lakini moyoni nilijua tukirudi posa yangu imekufa.

Tulikuwa tumetoka Touggourt, jangwani, ambako Baba aliuza vitambaa na hakuna kirefu kuliko mnara wa msikiti. Kheireddine, mwalimu kutoka Qasantina aliyekuja kufundisha kwetu, alikuwa ameniposa mara mbili, na mara zote Baba alisema atafikiri. Mara ya tatu akasema, "Nitakwenda kwao nikapaone. Nisiporidhika, sitaki kulisikia tena jina lake." Tuliposhuka stesheni ya Qasantina, dereva wa teksi akataka kutuzungusha kwa barabara. Baba akamwona mwizi. Akatazama watu wanaovuka darajani. "Kwani wao wana miguu minne?" akasema, akatangulia.

Na sasa alikuwa katikati, hasongi mbele wala nyuma. Vijana wa chuo wakapita mbio wakicheka. "Mzee, umegandishwa na gundi?" Nilitamani kuwasukuma.

Ng'ambo nilimwona Kheireddine akianza kuja, mama yake, Lalla Zubida, akamvuta shati. Akaja yule mama mwenyewe, taratibu, amejifunika mlaya, lile baibui jeusi la wanawake wa mji ule. Sikuwa nimewahi kumwona Lalla Zubida. Nilimwogopa kuliko korongo.

"Bwana Belkacem, karibu kwetu."

"Ahsante, Lalla," Baba alisema bila kufumbua macho. "Napunga upepo kidogo."

"Upepo wa hapa mzuri. Ila nina shida, ndugu yangu. Macho yangu siku hizi mabovu. Shika pindo la mlaya wangu, nikienda kombo univute."

Baba, ambaye hakuwahi kumpa mkono mwanamke asiye wake, alilishika lile pindo. Wakavuka hivyo, mama anaongea njia nzima juu ya bei ya nyama, mimi nikiwafuata nyuma.

Nyumbani kwao kahawa ilimiminwa, yenye harufu ya maua ya mchungwa. Baba hakuigusa. Uso wake ulikuwa bado wa majivu, na Kheireddine hakuthubutu kukohoa.

"Wakioana watalala chumba gani?" Baba aliuliza.

Lalla Zubida alisita, kisha akafungua mlango. Chumba kilikuwa safi, na dirisha lake lilitazama moja kwa moja korongoni. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Baba alipita akipapasa ukuta. Akafungua dirisha, akashika kizingiti, na safari hii akafumbua macho na kutazama chini, akatazama muda mrefu mno, jasho likimtiririka shingoni. Nilitaka kulia, nilitaka kumwambia inatosha, Baba, twende zetu nyumbani.

Akalifunga. Akalitikisa, akalitikisa tena.

"Kitasa hiki kimelegea," alisema. "Wekeni kipya. Kisha tupange siku ya harusi."

Mkono wake ulikuwa bado umelikandamiza dirisha.