Kandambili za Mstari wa Pili

Saa mbili na nusu asubuhi, meza za bwalo zilipokwisha kusukumwa ukutani, wakazi wa nyumba ile ya kutunzia wazee walijipanga kwa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, ambamo mtu huinua mkono kama anayemfunika mtoto aliyelala. Fundi Cherehani, mjane wa miaka sabini na minane, alisimama mstari wa pili. Kulia kwake zilisimama kandambili za kijani za shoga yake, Mpiga Chapa. Mwenyewe alipandishwa ghorofa ya tatu mwezi uliopita, lakini kandambili zake hazijakosa hata siku moja. Ziliteleza mbele, zikageuka kidogo, kisha ya kushoto ikapanda hewani na kutulia. Kusema kweli zilisimama vizuri kuliko mwenyewe.

Jozi saba zilikuwa zikifanya mazoezi bila watu. Msimamizi aliziandika kwenye daftari la mahudhurio, maana wageni walipenda kuona bwalo limejaa, na mfagiaji aliambiwa azipanguse kila jioni.

Fundi hakuwa na neno na kandambili. Alichoogopa ni Ijumaa. Kila Ijumaa msimamizi alikuja na saa yake, na kila mzee akasimama kwa mguu mmoja mpaka hesabu ya kumi. Aliyeshusha mguu mapema alipandishwa juu siku hiyohiyo, akalazwa kwenye kitanda chenye vyuma pembeni ili asianguke. Viatu vilibaki chini, kwani juu hakuna anayesimama. Hakuna aliyewahi kurudi. Wiki ile goti la kushoto lilikuwa limemlegea Fundi mara mbili.

Alhamisi alitoa sindano, akatia uzi wa mara mbili, akashona soksi zake kwenye kanda za kandambili.

"Unafanya nini, mama?" mwalimu wa taichi alimuuliza.

"Wakinipandisha, napanda na viatu vyangu. Nitakuwa na cha kushukia."

"Wewe nawe, Fundi." Mwalimu alicheka kidogo. Aliwafundisha wote saba waliokuwa juu, na wote walipandishwa wakitembea kwa miguu yao.

Ijumaa msimamizi alihesabu. Alipofika saba, goti la Fundi likaanza kutetemeka. Kandambili moja ya kijani ikasogea, ikajiinua, ikakaa chini ya unyayo wake wa kulia na kuubeba. Hesabu ikafika kumi.

"Umeegemea," alisema msimamizi.

"Nimeegemea nini, mwanangu? Mguu si uko juu?"

"Umeegemea kiatu cha mtu, bibi. Hiyo ni kushusha mguu."

"Nirudie mara moja tu. Nakuomba."

"Ni kwa usalama wako," alisema, na kuandika.

Ghorofa ya tatu muuguzi alileta mkasi. Alisema pole, akakata uzi taratibu asimjeruhi. Kandambili zikashuka ngazi zenyewe, moja baada ya nyingine, vipande vya uzi vikining'inia.

"Umechelewa, shoga," alisema Mpiga Chapa kutoka kitanda cha pili. "Nilikutarajia tangu wiki iliyopita."

"Nilikuwa nashona," Fundi alijibu, akageukia ukutani, akalia.

Kesho yake saa mbili na nusu muziki ulisikika kutoka bwaloni. Vitandani, miguu minane ya kulia ikainuka chini ya shuka, polepole, kwa pamoja. Fundi alihesabu. Alipita kumi, akapita ishirini, na goti halikumsumbua hata kidogo.

"Nimefika hamsini," alimwambia muuguzi aliyekuwa akikunja taulo.

"Hongera, bibi," alisema muuguzi. Akaja, akaushusha mguu, akamfunika vizuri.