Nyotamkia na Bomba la Shemeji

Mume wangu ni fundi saa. Kwetu hakuna anayechelewa bila kutajiwa dakika zake. Siku ya harusi yetu mimi nilitajiwa kumi na saba, shela bado usoni. Kwa hiyo haya ninayowasimulia nimeyacheka mpaka nikashika ukuta.

Tangu simu zianze kutaja saa, watu hawaleti tena saa zao. Mume wangu alikaa mbele ya meza tupu mpaka akaanza kuinama kama kiti kilichovunjika mguu. Siku moja akakumbuka kwamba mbingu nayo ni saa, tena haiishiwi betri. Akasugua kioo cha darubini miezi minane, juu ya kaunta ya saluni yangu, unga wake ukiingia kwenye mafuta ya nywele. Kilipokamilika akakifunga ndani ya bomba la plastiki la inchi sita. Mtaa mzima ukaja kuchungulia mwezi, na mgongo wa mume wangu ukanyooka.

Tatizo, bomba lenyewe lilikuwa la kaka yangu, fundi bomba. Alimwazima shemeji yake kwa wiki mbili. Ulikuwa mwaka wa pili.

"Bomba la choo linatazama mbinguni!" kaka alikuwa akilalamika. "Na mimi nina mteja bafu lake linatoa maji mlangoni!"

Ndipo ikaja habari ya chombo. Chombo cha anga kisicho na mtu kitapita karibu na nyotamkia, katikati ya vumbi lake, kwa kasi ambayo punje moja ya mchanga inatoboa bati. Mume wangu alikifuatilia kama mtu anayefuatilia posa. Kaka akasema kitachakazwa. Mume wangu akapandwa na jazba mbele ya wateja wangu watatu.

"Kikipona, bomba ni langu mpaka nife! Kikifa, njoo na msumeno wako, ulikate vipande unavyotaka!"

Nilimfinya. Nilichelewa.

Siku ilipofika, saa nne asubuhi, kaka alikuwa amekaa chini ya kikaushio cha nywele, msumeno mapajani. Darubini imelazwa juu ya viti viwili kama mgonjwa. Mimi nasuka, na kitini yuko muuguzi aliyetoka zamu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Simu yangu tumeiegemeza kwenye kopo la vitana. Spika yake ilishakufa, basi tukatazama picha bila sauti: chumba kikubwa huko ng'ambo, wataalamu wenye vitambulisho shingoni, na mbele yao skrini yenye mstari wa mawimbi uliolala.

"Tangu alfajiri chombo kimegeuza antena," mume wangu alimweleza muuguzi. "Kinapiga picha, hakiwezi kuzungumza. Saa nne na nusu kamili kitaigeuza tena huku duniani, kizungumze. Kikinyamaza hapo, ndiyo basi."

Saa nne na nusu ikafika. Mstari umelala. Saa nne na dakika thelathini na moja. Thelathini na mbili. Mume wangu anatazama saa ya mkononi, anatazama ya ukutani, anatazama ile ya mfukoni anayoiamini kuliko mimi.

"Mbona wale wanakunywa chai?" nikauliza.

"Wanajikaza, mama watoto."

"Wanajikaza kwa keki?"

Saa nne na dakika arobaini, kaka akainuka. Nilidhani atacheka, lakini uso wake ulikuwa kama wa aliyeagizwa kuchinja kuku wa jirani. "Shemeji, ulisema mwenyewe."

"Nilisema." Mume wangu akaugeukia ukuta, na mgongo niliouona ukinyooka ukaanza kupinda tena. "Kata."

Msumeno ukalia. Krrr. Krrr. Mikono yangu ikasuka yenyewe, macho yakiwa kwenye bomba.

"Samahani kidogo," muuguzi akasema. "Shangazi yangu yuko ng'ambo. Akinipigia, namwambia shikamoo, marahaba inakuja nimeshakata tamaa. Sasa hicho chombo kiko mbali kuliko shangazi?"

Mume wangu akageuka taratibu.

"Kilomita milioni mia tatu arobaini na mbili," akasema.

"Ala! Na sauti yake inafika papo hapo?"

Sijawahi kuona mtu akipauka hivyo na huku anatabasamu. "Dakika kumi na tisa!" akapiga kelele. "Mawimbi yanasafiri dakika kumi na tisa! Nimeandika saa ya kusema, sikuandika saa ya kusikika! Shemeji, toa msumeno!"

"Mnaongeza muda kama refa aliyehongwa!" kaka akafoka, ila aliutoa haraka mno kwa mtu aliyekasirika.

"Fundi saa mzima," nikamwambia mume wangu, "leo nakutajia dakika kumi na tisa. Umezipita zangu za harusi kwa mbili."

"Nyamaza, bado nne!"

Tulizihesabu kwa sauti, wote wanne. Saa nne na arobaini na tisa, mstari uliolala kwenye skrini ukaruka juu kama mtu aliyekalia sindano. Wataalamu wakatupa vikombe. Na nani alipiga yowe kuliko wote? Kaka yangu! Alimbeba shemeji yake, akamzungusha, teke likaangusha kikaushio.

"Kimepona! Wewe shemeji, chombo chetu kimepona!"

"Chetu?" nikauliza. "Tangu lini?"

Muuguzi naye akaruka kutoka kitini, na taulo la mabegani likaruka naye. Katika ile hofu nilikuwa nimesuka ncha ya taulo pamoja na nywele, mafundo sita, imara kweli kweli. Akakimbia kuzunguka saluni, taulo jeupe likipepea nyuma yake.

"Nyotamkia hiyo!" kaka akaonyesha kwa msumeno, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Baadaye, nilipokuwa nafumua taulo, kaka alikwenda kwenye kisanduku chake, akatoa gundi na pete ya chuma, akaliziba lile jeraha la bomba. Alilipapasa kuona kama ni laini.

"Halivujishi hata mwanga," akasema. "Lakini nyotamkia ikionekana huku kwetu, wa kwanza kuchungulia ni mimi."

"Utakuja saa ngapi?" mume wangu akauliza, tayari ameshatoa saa yake ya mfukoni.