Abiria wa Kiti cha Nyuma

Bi Thuwaiba alivuka asubuhi kwa boti kutoka Mkomani kisiwani akiwa na ufunguo wa kombi umefungwa kwenye pindo la leso yake, na moyoni akiomba jambo moja tu: gari liwake, liondoke, asilione tena.

Lilikuwa kombi la zamani hasa, la rangi ya samli juu na kijani chini, taa zake mbili za mviringo zimekodoa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Viti vilikuwa vimetoka sponji na sakafu ilikuwa na kiraka juu ya kiraka. Marehemu mumewe, Bakr, alilibebea watu miaka nenda miaka rudi kutoka gati la Mokowe hadi Witu, na alikuwa na desturi moja iliyowatoa abiria roho. Hakuondoa gari mpaka kila aliyemwahidi kiti awe ndani. Aligeuza shingo, akauliza, "Tumetimia?" Na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ilimpasa ajibu, "Tumetimia." Asipojibu, ufunguo haugeuzwi, hata mlalamike makoo yakauke. Ukimsema atakwambia subira yavuta heri, na kama heri yenyewe imechelewa basi hilo si lake.

Kiti hicho cha nyuma, upande wa dirisha, kilikuwa cha Thuwaiba kila aliposafiri naye.

Siku aliyokufa Bakr walikuwa waende harusini Witu. Thuwaiba alichelewa Mkomani akifukiza nguo zake udi, na mumewe alipopiga simu tena na tena kumhimiza, alikasirika akaizima. Abiria waliokuwapo walisema Bakr aligeuka akauliza, "Tumetimia?" Hakuna aliyejibu, maana kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Akakilaza kichwa juu ya usukani. Wakadhani amesinzia. Thuwaiba aliposhuka botini, ananukia kama bibi harusi, alikuta watu wameshamfunika mumewe uso.

Mke akifiwa na mume, jambo la kwanza hujiuliza kama marehemu alimwachia radhi. Thuwaiba alijiuliza eda nzima, na eda ilipokwisha bado alikuwa akijiuliza.

Tangu siku aliyokufa Bakr gari halikuwaka. Lilivutwa kwa kamba hadi shamba la shemejiye huko Kililana, likaegeshwa chini ya mkorosho. Mafundi walikuja kwa zamu, wakafungua, wakafunga, wakakuna vichwa. Wa mwisho hakutaka hata kumaliza kazi. Alisema gari limelala kivulini siku nzima, lakini ukishika usukani ni vuguvugu, kama umeachwa na mikono ya mtu sasa hivi.

Mnunuzi aliyefika asubuhi hii Thuwaiba alipovuka alikuwa Kipchumba, kijana wa bara anayefanya kazi karibu na bandari mpya. Hakujua habari yoyote. Alikuja na betri yake, amefurahi mno.

"Mama, hili ni dhahabu," alisema. "Vijana watapanga foleni kupiga picha."

Alifunga betri, akaketi mbele, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya kilekile. Thuwaiba akaingia nyuma, bila kujua anafuata nini, akaketi mahali pake.

Hapo kioo cha dereva cha kutazamia nyuma kilisogea. Kipchumba alikuwa ameinama akichungulia nyaya chini ya usukani, hakukigusa. Kiligeuka taratibu, kikapita viti vitupu kimoja baada ya kingine, mpaka Thuwaiba akayaona macho yake mwenyewe ndani yake. Hakuna sauti iliyouliza kitu. Lakini aliijua ile hali ya kungojwa, alikuwa ameishi nayo miaka mingi, na mazoea yana taabu. Mdomo ukajibu kabla ya akili.

"Tumetimia."

Injini ikanguruma chini ya kiti chake.

"Umelisomea dua gani, Mama?" Kipchumba akacheka.

Thuwaiba akashuka. Wakapeana mikono. "Nimekuuzia," akasema. "Nimekubali," akajibu kijana, na kombi likaondoka likitoa moshi. Thuwaiba alibaki chini ya mkorosho akilia na kushukuru kwa pamoja.

Machozi hayajakauka, simu ikalia.

"Mama, limezima hapa njia panda." Sauti ya Kipchumba haikuwa na kicheko tena. "Na huu mlango wa abiria unafunguka wenyewe. Naufunga, unafunguka. Naufunga, unafunguka."

Thuwaiba alielewa palepale. Alimwambia Bakr wametimia, kisha akashuka. Bakr amegeuka, amekiona kiti kitupu.

Njia panda haikuwa mbali. Angeweza kwenda akaingia, akaketi, na alitamani kwenda, Mungu amsamehe, alitamani mpaka mguu mmoja ukatangulia. Akauzuia.

"Mwanangu, iweke simu juu ya kiti cha nyuma, kisha ukae kando."

"Kuna nini, Mama?"

"Iweke tu."

Akangoja mpaka nyayo zikatulia. "Bakr," akasema, "ni mimi. Siku ile uliponipigia niliizima simu, nawe ukaningojea hata roho ikakutoka. Niwia radhi. Yeo mimi siendi, usiningojee. Kiti changu mpe mwingine. Enda, ndia ni yako. Mumetimia."

Mtu akasafisha koo, karibu kabisa na simu, kama alivyosafisha kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yao. Mlango ukaburuzwa ukafungwa. Injini ikawaka.

Kutoka mbali, nje ya gari, Kipchumba alikuwa akipiga kelele: "Mama! Mama! Ufunguo ninao mimi mkononi!"

Thuwaiba aliishikilia simu sikioni kwa mikono miwili, na safari hii hakuizima.