Viazi vya Jukwaani

"Ukilitoa hilo gunia hapo, Esteria, usiniite nije kukusaidia kulirudisha."

Kornelio alisema hayo akiwa mlangoni mwa ukumbi, mikono mfukoni, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Mkewe aliendelea na kazi. Alikuwa amekwisha kukata kamba ya lumbesa ya kwanza, gunia lililojazwa kupita kiasi, na viazi vilikuwa vikimiminika kwenye ndoo. Gunia lile lilitaka wanaume wa kulinyanyua. Kwa kuwa wa kwake alikuwa ameamua kuwa mtazamaji, angelihamisha ndoo kwa ndoo.

"Basi viazi vyetu vitalala wapi?"

"Chumbani."

"Chumbani kwetu?"

"Kwani una chumba kingine?"

Ukumbi ule wa Magamba ulijengwa na wapasua mbao wa zamani, kuta zake mbao nyekundu za mti wa mkulo, jukwaa lake limeinuka hadi usawa wa kiuno. Humo ndimo kikundi cha maigizo kilimochezea kila baada ya mavuno, na watu walikuja mpaka kutoka Rangwi. Kisha paa likaanza kuvuja. Wanakikundi wenyewe, Esteria akiwa mstari wa mbele, wakakubali viazi viingie kwa msimu mmoja tu, ili pango lake linunue mabati. Mabati yalikuja, viazi havikuondoka. Maigizo yakasogezwa kwenye kona, kutoka kona yakatolewa nje, na huko nje yalichezwa siku ambazo mvua imeridhia. Mvua ya Magamba si nyepesi kuridhia.

Sasa Anord, mnunuzi wa mazao, alikuwa ameiomba halmashauri ibadili matumizi ya kiwanja, ukumbi ubomolewe, lijengwe ghala la baridi. Anord hakuwa mtu mbaya, na ghala lilihitajika kweli. Kila mkulima aliyewahi kuuza karoti kwa bei ya kutupa, kwa kuogopa zisimwozee mkononi, alilitaka ghala hilo, na Kornelio alikuwa mmoja wao. Esteria naye alilitaka, ila kule chini barabarani, kwenye kiwanja kilicho wazi. Anord alisema kule ni mteremko mtupu, kusawazisha peke yake kutammaliza.

Kwa hiyo Esteria alishuka Lushoto mjini na kuwasilisha pingamizi la kikundi. Afisa mipango miji, kijana anayeitwa Yassir, alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Pingamizi nimelipokea. Ijumaa nitakuja kukagua. Nikikuta ukumbi, nitaiandikia kamati kuwa ni ukumbi, na kwenye mchoro mpya wa mji utabaki hivyo, hakuna wa kuugusa. Nikikuta ghala, mama yangu, nitaandika ghala. Siwezi kuandika nisichokiona."

Esteria hakumchukia. Kilichomuuma ni kwamba kijana alikuwa anasema kweli.

Ndiyo maana alikuwa anabeba ndoo. Alipomaliza vya kwake, chumba kimejaa mpaka mvunguni, alianza kupita kwa waliokuwa na magunia ukumbini. Wengine walimfungia mlango kwa adabu. Hezekia, fundi cherehani, alikubali kabla Esteria hajamaliza kueleza. Bibi Filomena, aliyewahi kucheza kila nafasi ya mama mkwe mkorofi, aliweka mikono kiunoni.

"Mwanangu, mie vyangu nivipeleke wapi? Kwenye sufuria?"

"Popote, bibi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema bila kuinamisha uso. Umesahau ulinifundishia wapi?"

Bibi Filomena alinung'unika, akachukua ungo wake, akamfuata.

Kufikia Alhamisi jioni sakafu ilionekana. Esteria aliisugua kwa brashi mpaka mbao zikarudisha wekundu wake. Lakini jukwaani palibaki vilevile: magunia ya Anord, yamepangwa toka ukingoni hadi ukutani. Akampigia simu. Anord akaja mwenyewe.

"Dada Esteria, nakuheshimu sana. Lakini mzigo ni wangu, na pango nimelipia."

"Uutoe kwa siku moja tu."

"Nikiutoa si nitakuwa nimejipinga mwenyewe?"

Anord alipoondoka, Esteria alilia kidogo, kwa hasira, huku akikamua tambara la kudekia. Kisha akapanga mabenchi.

Ijumaa Yassir alifika na ukungu. Dereva wake alibaki garini. Mabenchini walikaa wanakikundi na majirani. Anord aliegemea ukuta. Yassir alisalimia wazee, akazunguka, akapapasa ukuta, akaukubali kwa kichwa. Halafu akasimama mbele ya jukwaa.

"Sakafu naiona, mama. Mabenchi nayaona. Lakini hapa..." Akafungua faili, akatoa kalamu.

Esteria aliona kalamu ikigusa karatasi, na mwili ukaitangulia akili. Alipanda jukwaani, akakanyaga gunia hili na lile hadi juu, akaketi, akajifunga khanga begani. Zamani, kwenye maigizo, mama yake alikuwa akiketi pale vilevile, blanketi begani. Maisha yake yote mama aliwabebea watu kuni kutoka msituni, na hakuna aliyempisha njiani. Ila kila mwaka, akicheza Zumbe, mtawala wa Washambaa, ukumbi mzima ulisimama, mwenyekiti wa kijiji akiwemo. Esteria alikuwa mtoto wa benchi la mbele, na hakuwahi kupenda kitu kama alivyolipenda jambo lile.

"Baraza limekaa!" akaita. "Nani ana shauri?"

Hakuna aliyekuwa amepangwa kwa lolote. Bibi Filomena alibaki mdomo wazi. Kalamu ya Yassir ilisimama.

"Mimi, Zumbe."

Alikuwa Kornelio, mlangoni. Aliingia taratibu, akavua kofia, akapiga goti moja kama alivyokuwa akifanya enzi zake za kuigiza.

"Namshitaki mke wangu. Amenitoa kitandani, amelaza viazi."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Mkeo ni nani?"

"Zumbe anamjua vizuri."

"Una shahidi?"

"Mie hapa!" Bibi Filomena alikwisha kusimama. "Na mie nimelala na viazi, Zumbe. Afadhali viazi, havikoromi. Huyu muulize mkewe!"

Esteria alisubiri kicheko kiishe.

"Viazi hivyo vilikuwa vinalala wapi zamani?"

"Hapa, Zumbe. Humu ukumbini."

"Na watu walikuwa wapi?"

Kornelio aliinuka kutoka kwenye goti. Hilo halikuwa la kuchekesha. "Nje," akasema. "Wananyeshewa." Akaigeuza kofia mikononi. "Lakini Zumbe, viazi vikioza, mwaka ujao tutapanda nini? Nalo mliamue."

Hakuwa anaigiza tena, na kila mtu alilijua hilo. Esteria alimtazama mumewe, akamwonea huruma, na akaona fahari pia.

"Swali lako ni la haki," alisema. "Baraza haliwezi kuliamua bila kumsikia mwenye mzigo huu niliokalia. Anord, sogea mbele."

Vichwa vyote viligeuka. Anord alicheka peke yake, akaacha. Wakati huohuo mvua ikashuka juu ya mabati, na nje dereva akapiga honi mara kadhaa. Yassir alitazama saa, akaelekea mlangoni. Afisa alitoa kichwa nje, akampungia dereva mkono, akauvuta mlango akaufunga kwa ndani, kisha akarudi na kusimama kando ya benchi la Bibi Filomena mpaka kikongwe alipomsogezea nafasi.

Akakaa, faili magotini, limefungwa, na kama wengine wote akamtazama Anord, akisubiri aseme.